Mfano wa Kiaisilandi usitolewe nusu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumzie mfano mmoja unaorudiwa kila mjadala kuhusu maneno ya mkopo katika Kiswahili unapopamba moto. Mfano huo ni wa Kiaisilandi. Tunaambiwa kwamba katika kisiwa kile cha kaskazini mwa Bahari ya Atlantiki, chenye watu wasiofika 400,000, lugha imebaki safi kwa zaidi ya miaka 1,000, kwamba wenyeji hawaruhusu neno la kigeni kupita bandarini, na kwamba nasi tungekuwa na msimamo kama wao tungeyaondoa maneno ya Kiingereza, na wengine huongeza hata ya Kiarabu, tukabaki na Kiswahili kitupu. Nimekuwa nikiisoma lugha hiyo pamoja na ndugu yake, Kifaroe, lugha ya Visiwa vya Faroe, kwa muda mrefu, na ninaona kuwa mfano huo hutolewa nusu. Nusu inayoachwa ndiyo yenye faida kwetu: kinacholifanya neno liwe la Kiaisilandi ni mwenendo wake katika sarufi, yaani namna linavyonyumbulika ndani ya sentensi, wakati asili yake ni jambo la pili.

Habari ya usafi wa miaka 1,000 inahitaji kupunguzwa kidogo. Ni kweli kwamba Mwaisilandi wa leo, akisaidiwa na tahajia iliyosawazishwa, husoma hadithi zilizoandikwa katika karne ya 13 bila taabu kubwa, jambo ambalo Mnorwei au Mdenmaki hawezi kulifanya kwa maandishi ya mababu zake. Lakini matamshi yamebadilika sana. Irabu á, ambayo zamani ilikuwa a ndefu, leo hutamkwa au. Herufi y hutamkwa sawasawa na i, ingawa hapo kale zilikuwa sauti mbili tofauti. Msamiati nao ulikwisha kuingiliwa. Mtaalamu wa lugha kutoka Denmaki, Rasmus Rask, alipofika Reykjavík mwaka 1813 alikuta Kidenmaki kimeshika mji kiasi cha kuandika katika barua kwamba baada ya miaka 100 huenda asiwepo mtu mjini humo wa kukielewa Kiaisilandi. Miaka mitatu baadaye alikuwa miongoni mwa walioanzisha jumuiya ya fasihi ya Kiaisilandi. Kwa hiyo kazi ya kusafisha msamiati ni ya karne chache hizi, na ilifanywa na watu kwa makusudi. Kilichodumu tangu kale bila kukatika ni miisho ya maneno.

Sisi tunaozungumza Kiswahili hujua nani katenda na nani katendwa kwa kuangalia viambishi vya kitenzi na mpangilio wa maneno. Nomino yenyewe haibadiliki, iwe kiima au yambwa. Katika Kiaisilandi kazi hiyo hufanywa na mwisho wa nomino. Farasi ni hestur akiwa kiima, hest akiwa yambwa tendwa, hesti katika uhusika (yaani hali ya nomino inayoonyeshwa na mwisho wake) wa tatu ambao hutumika kwa mtendewa na baada ya vihusishi vingi, na hests akiwa mwenye kumiliki kitu. Wakiwa wengi huwa hestar, hesta, hestum na hesta. Isitoshe, kiambishi kinachoonyesha kwamba farasi anayetajwa anajulikana hubandikwa mwishoni, nacho pia hunyumbulika, ndipo tunapopata hesturinn, hestinn, hestinum na hestsins, na katika wingi hestarnir, hestana, hestunum na hestanna. Ndiyo maana mtu anaweza kusema Hundinn sá hesturinn, akamtanguliza mbwa kwa ajili ya mkazo, na bado kila msikilizaji akajua kwamba aliyeona ni farasi, kwa kuwa hundinn ni umbo la yambwa na hesturinn ni umbo la kiima.

Nomino hizo zimegawanyika katika jinsia tatu za kisarufi, na kivumishi huzifuata: góður hestur ni farasi mzuri, góð bók ni kitabu kizuri, gott barn ni mtoto mzuri. Msomaji wa gazeti hili hatashangaa sana hapa, maana ngeli zetu hufanya kazi ya namna hiyo, isipokuwa zenyewe hukaa mwanzoni mwa neno. Hata idadi kuanzia moja hadi nne hufuata jinsia na uhusika wa kinachohesabiwa. Kuna pia mabadiliko yanayotokea ndani ya shina. Mtoto ni barn na watoto ni börn, na wingi huo hauna mwisho wowote unaoonekana. Zamani, kabla lugha haijaanza kuandikwa kwa herufi za Kilatini, palikuwa na irabu u mwishoni, ikaivuta a ya shina hadi ikawa ö, kisha yenyewe ikadondoka. Kifaroe kina børn kwa sababu hiyo hiyo. Anayejifunza lugha hizi hugundua mapema kwamba historia ya neno na mnyumbuliko wake haviwezi kusomwa mbalimbali.

Ushahidi ulio wazi zaidi kwa hoja yangu uko kwenye majina ya watu. Aisilandi ina kamati ya majina tangu 1991, na sheria ya mwaka 1996 inataka jina la kwanza la mtu liweze kupokea mwisho wa umilikishi wa Kiaisilandi, au liwe limekwisha kupata mazoea katika lugha. Sheria haisemi kwamba jina liwe na asili ya Kinorwei cha kale, lugha mama ya Kiaisilandi. Ingesema hivyo, ingelifuta jina Jón, ambalo ni miongoni mwa majina ya kawaida kabisa kisiwani na ambalo mizizi yake ni ya Kiebrania, likapitia Kigiriki na Kilatini. Lakini Jón limekubali miisho: kwa Jón ni Jóni, na cha Jón ni Jóns. Mwanawe huitwa Jónsson, ambapo s ya kwanza ni ya umilikishi na ya pili ni ya son, yaani mwana. Njáll, Kjartan na Kormákur, majina ambayo wasomaji wa hadithi za kale huyaona kuwa ya Kiaisilandi halisi, yalitoka kwa Wagaeli wa Ireland na majirani zao, kwa kuwa baadhi ya walowezi wa kwanza walitokea huko au walipita huko.

Niseme hapa neno moja kwa ukurasa wako wa michezo. Wasomaji wengi walimfahamu Gylfi Sigurðsson alipokuwa Everton, na magazeti yetu yalimwita Sigurðsson kana kwamba hilo ni jina la ukoo. Sivyo, maana yake ni mwana wa Sigurður, na kwao mtu huyo ni Gylfi. Vivyo hivyo Vigdís Finnbogadóttir, aliyekuwa Rais wa Aisilandi kuanzia 1980 hadi 1996, ni Vigdís binti wa Finnbogi, na i ya mwisho imegeuka a kwa sababu Finnbogi ameingia katika umilikishi. Heshima kwa mtu wa huko ni kumwita kwa jina lake mwenyewe, hata akiwa mkuu wa nchi.

Sasa tuje kwenye maneno yaliyoundwa, ambayo ndiyo hasa hutajwa na wapenzi wa usafi. Kompyuta huitwa tölva, neno lililoundwa na Profesa Sigurður Nordal katikati ya miaka ya 1960 kwa kuunganisha tala, yaani namba, na völva, mwanamke mwenye uaguzi katika imani za kale. Umeme ni rafmagn, nguvu ya kaharabu. Kioo cha runinga au kompyuta ni skjár, neno ambalo zamani lilikuwa dirisha dogo lililowambwa utando wa mnyama ili kupitisha mwanga. Simu ni sími, iliyofufuliwa kutoka neno la kale lenye maana ya uzi au kamba. Hapa nawaonya wasomaji wanaopenda kukisia: simu yetu imetoka Kiajemi, ambako sim ni waya na pia ni fedha, na haina undugu wowote na sími ya Aisilandi. Watu wa pande mbili za dunia walitazama waya uliobeba sauti, kila mmoja akachukua neno lake, na maneno yakafanana kwa bahati.

Kilichoyapa maneno hayo nguvu ya kuishi ni kwamba yalizaliwa na miisho yake tayari. Anayesikia tölva kwa mara ya kwanza anajua kwamba katika uhusika mwingine itakuwa tölvu, na wingi wake utakuwa tölvur, kwa kuwa anayo maneno mengi ya mfano huo. Wazungumzaji wameenda mbali zaidi kuliko aliyeliunda. Wamezoea jozi kama saga na sögu, yaani hadithi, ambapo a ya kiima hugeuka ö katika uhusika mwingine, basi wengi wao hurudi nyuma kutoka tölvu na kusema talva katika kiima. Walimu husahihisha, vitabu vya mwongozo husahihisha, na bado talva husikika. Mimi naliona jambo hilo kuwa dalili ya afya: neno likianza kukosewa kwa kufuata kanuni ya lugha, limekwisha kuwa mali ya wenye lugha.

Upande wa pili wa habari hiyo ndio usiosimuliwa. Kiaisilandi kimejaa maneno ya mkopo ambayo hakuna anayefikiria kuyaondoa. Kirkja ni kanisa, biskup ni askofu, prestur ni kasisi na skóli ni shule. Yote yaliingia na Ukristo na elimu yake, yakitokea Kigiriki na Kilatini kupitia lugha za majirani. Bíll ni gari, kipande kilichobaki cha automobil baada ya kupitia Kidenmaki. Jeppi ni gari la jeep, na huwa jeppa, jeppar, jeppum kama neno lolote la kiume la kundi lake.

Nitakaa kidogo kwenye majina ya siku, kwa sababu yanatugusa. Wanorwei wa kale walizipa siku majina ya miungu, na Kifaroe kimeyatunza: Jumanne ni týsdagur, siku ya Týr, Alhamisi ni hósdagur, siku ya Þór, Ijumaa ni fríggjadagur, siku ya Frigg. Aisilandi haina majina hayo. Simulizi ya maisha ya Jón Ögmundsson, askofu wa kwanza wa Hólar aliyeshika kiti hicho mwaka 1106, inasema kwamba alikataza siku za Mungu kuitwa kwa majina ya miungu ya kipagani. Hivyo Jumanne ikawa þriðjudagur, siku ya tatu, Jumatano miðvikudagur, siku ya katikati ya juma, Alhamisi fimmtudagur, siku ya tano, na Ijumaa föstudagur, siku ya kufunga. Fimmtudagur na Alhamisi yana maana moja, kwa kuwa Waarabu nao waliihesabu siku hiyo kuwa ya tano kuanzia Jumapili. Basi lugha inayosifiwa kwa kutunza ya kale ndiyo iliyotupa majina ya kale, na ile ndogo isiyotajwa ndiyo iliyoyahifadhi.

Visiwa vya Faroe viko 18, kati ya Aisilandi, Norwei na Scotland, na wakazi wake ni zaidi kidogo ya 50,000. Walowezi wake wengi walitoka Norwei katika zama zile zile za kuhamia Aisilandi, nao walisema lugha moja na wenzao. Kilichozitenganisha ni historia. Aisilandi ilipata Agano Jipya lililochapishwa kwa lugha yake mwaka 1540, kazi ya Oddur Gottskálksson, na Biblia nzima mwaka 1584 chini ya Askofu Guðbrandur Þorláksson, kwa hiyo Matengenezo ya Kanisa yaliipandisha lugha hiyo mimbarani. Huko Faroe, Matengenezo yaliingiza Kidenmaki kanisani, mahakamani na baadaye shuleni, na Kifaroe kikabaki lugha ya nyumbani, ya mashuani na ya malishoni, bila tahajia. Agano Jipya la Jákup Dahl kwa Kifaroe lilitoka mwaka 1937, karibu miaka 400 baada ya lile la Aisilandi, na ni mwaka 1938 ndipo Kifaroe kilipopata haki sawa na Kidenmaki shuleni. Sheria ya kujitawala ya 1948 ilikifanya lugha kuu ya visiwa.

Lugha isiyoandikwa kwa karne tatu ungeitarajia ipoteze miisho yake, kama Kidenmaki chenyewe kilivyoipoteza karibu yote. Haikuwa hivyo. Wafaroe walikuwa na kvæði, tenzi ndefu walizozihifadhi moyoni na kuziimba huku wakicheza wameshikana mikono katika duara, na Jens Christian Svabo alipoanza kuziandika mwaka 1781 alikuta maumbo ya kale yamo vinywani mwa watu wasio na kitabu hata kimoja cha lugha yao. Yapo yaliyolegea. Mwaisilandi husema við köstum, þið kastið, þeir kasta, yaani sisi, ninyi na wao tunatupa, mnatupa, wanatupa; Mfaroe ana umbo moja tu, kasta, kwa wote watatu. Farasi wengi wakiwa yambwa ni hesta kwa Kiaisilandi, lakini kwa Kifaroe hubaki hestar. Sauti ya þ imegeuka t katika maneno mengi na h katika machache, ndiyo maana mungu Þór amekuwa Tór katika mji mkuu, Tórshavn, na Hós katika Alhamisi.

Umilikishi ndio ulioumia zaidi. Katika mazungumzo ya kawaida Mfaroe hasemi kitabu cha Jógvan kwa kuubadilisha mwisho wa jina. Husema bókin hjá Jógvani, kwa kutumia kihusishi kilichokuwa na maana ya kando ya au kwa fulani, na jina likakaa katika uhusika wa tatu. Hata hivyo s ya umilikishi imeganda ndani ya Tórshavn, ndani ya týsdagur na hósdagur, na ndani ya majina kama Jákupsson. Mwaka 1846 V. U. Hammershaimb alipoiwekea lugha hiyo tahajia, alichagua kufuata asili ya maneno badala ya matamshi, akaandika maður, mtu, kwa ð ambayo hakuna Mfaroe anayeitamka; wao husema kitu kama meavur. Walimu wa watoto wadogo walilipa gharama ya uamuzi huo na wanailipa hadi leo. Lakini uliwaonyesha Wafaroe wenyewe, na Denmaki pia, kwamba maneno yao ni ndugu wa maneno ya vitabu vya kale. Jakob Jakobsen alipendekeza baadaye tahajia ya kufuata matamshi, nayo haikushika.

Katika msamiati Wafaroe wamefuata nyayo za Aisilandi kwa kiasi. Kompyuta ni telda, kutokana na mzizi wa kuhesabu, na helikopta ni tyrla, sawa na þyrla ya Aisilandi, kitu kinachozunguka kwa kasi. Profesa Jóhan Hendrik W. Poulsen alikuwa mstari wa mbele katika kazi hiyo, na maneno hayo yamekubalika. Lakini Mfaroe akienda dukani husema pia betala kwa kulipa, neno la Kidenmaki ambalo waangalizi wa lugha wangependa liwe gjalda. Kamusi kubwa ya Kifaroe kwa Kifaroe ilipotoka mwaka 1998 ililaumiwa kwa kuyaacha mengi ya namna hiyo yanayosemwa kila siku, na mimi naona lawama hiyo ilikuwa ya haki. Betala hunyumbulika kikamilifu: eg betali, tú betalar, vit betala. Limekuwa na makazi katika sarufi kwa muda mrefu, na kamusi inayoliacha haiwaelezi Wafaroe jinsi wanavyozungumza.

Nikirejea kwetu, Ndugu Mhariri, neno kitabu halikuwa na kiambishi ki- katika Kiarabu. Ki ilikuwa sehemu ya neno lenyewe. Babu zetu waliisikia kama ya ngeli, wakasema vitabu, na tangu hapo hakuna mjadala. Waziri akapata mawaziri. Kitenzi safiri kikapokea viambishi vya unyambulishaji, tukawa na safirisha, safirishwa na safirishiana, ambavyo Mwarabu hawezi kuvidai. Nyakati zetu hizi madereva wa Tanzania wamekifanya kipilefti, kutoka keep left ya Kiingereza, kiwe na wingi wa vipilefti, kwa kanuni ile ile iliyofanya kazi kwenye kitabu. Siwaombi waandishi wapende kila neno linalonyumbulika. Watu husema imeprintiwa, na bado chapisha ipo na inatosha. Ninachopinga ni kulifukuza neno kwa sababu ya pasipoti yake, tena kwa kuitaja Aisilandi kama shahidi, ilhali Aisilandi haifanyi hivyo. Na istilahi mpya kama tarakilishi, iliyoundwa kutokana na tarakimu na akili kwa njia inayofanana mno na ya tölva, inastahili kupimwa kwa swali kama linatamkika kwa wepesi na linajua ngeli yake, badala ya kusifiwa tu kwa kuwa si ya Kiingereza. Tölva ina silabi mbili. Tarakilishi ina tano, na nadhani hilo limeiumiza sokoni kuliko uvivu wa watu.

Taasisi ya Árni Magnússon mjini Reykjavík ina hifadhi ya mtandaoni iitwayo Beygingarlýsing íslensks nútímamáls, ambamo mtu yeyote huandika neno, liwe la kale, la kuundwa au la mkopo, akaonyeshwa maumbo yake yote katika kila uhusika, umoja na wingi. Orodha za istilahi zinazochapishwa kwetu mara nyingi hutoa neno la Kiingereza upande mmoja na la Kiswahili upande wa pili, basi. Ninaomba gazeti lako, kila litakapotangaza neno jipya katika ukurasa wa lugha, liambatanishe ngeli yake, wingi wake, na kama ni kitenzi kauli zake za kutendwa, kutendea na kutendesha, na niko tayari kusaidia kuziandaa.

Wako katika lugha,
Mwalimu mstaafu wa Kiswahili, Tanga